Kadi ya saa inayojazwa na mfanyakazi mwenyewe: jumla ziko sawa, mshahara hauko sawa

KaraniWaMalaba

Habari za kazi, ndugu zangu. Naomba msaada wa wanaoijua kazi hii.

Tuko Malaba, upande wa Uganda, ghala la mizigo, watu 64. Kati yao 46 ni wa mshahara wa mwezi na 18 ni vibarua wa kupakia na kushusha. Zamu ni tatu: A saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri, B saa tisa hadi saa tano usiku, C saa tano usiku hadi saa moja asubuhi. Zamani saa zilitoka kwenye daftari la getini, karani akaziingiza kwenye Excel. Sasa tuna programu ya mishahara: kila mtu anaingia kwa simu yake, anajaza kadi ya saa, msimamizi wa zamu anaidhinisha, kisha saa zinaingia kwenye hesabu. Kipindi chetu ni tarehe 21 hadi 20, mshahara tarehe 28.

Yanayotusumbua ni haya. Watu wa zamu A, ambao hawajawahi kukesha, wanatokea wakidai posho ya usiku, na ukitazama jumla ya saa zao ni nane kamili kila siku. Wasimamizi wanakaa kimya wiki nne, halafu tarehe 20 jioni wanabonyeza idhinisha yote kwa mpigo. Sikukuu ya 9 Oktoba, watu wawili wa zamu C waliofanya kazi usiku wa kufuatana, mmoja kalipwa maradufu na mwingine hakupata kitu. Na bosi anasema kadi ambayo haijaidhinishwa hadi siku ya kufunga, mwenyewe asubiri mwezi ujao, mshahara wote. Hili la mwisho linanitia wasiwasi.

Tuanzie wapi?

FundiWaMifumo

Ndugu Karani, la posho ya usiku ni jepesi kuliko unavyodhani. Watu wako wanajaza saa kama wanavyozisema. Wa zamu A ameanza saa moja, anaandika 1:00. Ametoka saa tisa, anaandika 9:00. Programu inasoma hapo saa saba usiku hadi saa tatu asubuhi. Jumla ni nane, kwa hiyo hakuna onyo linalotokea, lakini saa tano kati ya hizo, 01:00 hadi 06:00, zimeangukia usiku na posho ikajiwasha yenyewe. Na usidhani ni tatizo la waongeao Kiswahili peke yao. Kiganda nacho kinahesabu saa hivyohivyo, kwa hiyo hata ofisi ya Kampala inalikuta.

Zamu B na C hujitangaza. Saa tisa hadi saa tano ikiandikwa 9:00 hadi 5:00 inatoa saa 20, na saa tano hadi saa moja ikiandikwa 5:00 hadi 1:00 inatoa saa 20 vilevile. Msimamizi hata awe na usingizi ataliona. Zamu A ndiyo inayopenya, kwa sababu kosa la saa sita liko mwanzoni na mwishoni kwa kiasi kilekile.

Dawa yake ni kutomwachia mtu nafasi ya kuandika saa, maana semina husahaulika. Nenda kwenye mipangilio ya zamu, unda violezo vitatu:

A 07:00–15:00
B 15:00–23:00
C 23:00–07:00, na uweke alama ya kuvuka usiku wa manane

Kisha mpangie kila mtu zamu yake ya wiki. Akifungua simu anakuta siku tayari imejazwa, anabonyeza kitufe kimoja kuthibitisha kwamba amefanya kama ilivyopangwa. Visanduku vya saa vifunguke tu anapochagua "tofauti na ratiba", na hapo alazimike kuchagua sababu: kuchelewa, kutoka mapema, ovataimu, kubadilishana zamu. Weka pia mpaka: saa ya kuanza ikitofautiana na ratiba kwa zaidi ya dakika 90, kadi isikubali kuwasilishwa bila maelezo. 01:00 dhidi ya 07:00 haitapita tena.

Ukiwa humohumo kwenye mipangilio, kagua mambo matatu mengine ambayo huenda bado hujayaona.

La kwanza ni desimali. Kama programu yenu ina kisanduku cha "jumla ya saa", mtu aliyefanya saa nane na nusu ataandika 8.30. Mashine inasoma saa nane na dakika 18. Amepoteza dakika 12 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni saa 5 na dakika 12. Nusu saa ni .50, robo ni .25, dakika 45 ni .75. Afadhali uondoe kisanduku hicho kabisa, mtu aingize kuanza na kumaliza, jumla ihesabiwe na programu.

La pili, mapumziko. Programu nyingi huja zimewashwa kukata dakika 30 za chakula kila zamu inapozidi saa sita. Kama mkataba wenu unahesabu chakula ndani ya saa nane, basi kila mtu anakatwa saa tatu kwa wiki ya siku sita bila kujua. Kama haumhesabii, sawa, lakini msimamizi awe na namna ya kufuta makato siku ambayo lori liliingia na mtu hakula.

La tatu ni saa ya seva. Sisi tuko saa tatu mbele ya UTC, yaani saa ya kimataifa, mwaka mzima. Seva ikiachwa kwenye UTC, mtu aliyebonyeza kuingia 00:30 tarehe 21 anaandikwa 21:30 tarehe 20, yaani kwenye kipindi kilichokwisha. Chagua Africa/Kampala kwenye ngazi ya kampuni, kisha hakikisha hakuna mtumiaji aliyebaki na mpangilio wake binafsi, maana huo ndio unaoshinda.

AfisaAjira_Arua

Mimi naingilia kwenye sikukuu na ovataimu, sehemu ambayo kosa lake linaweza kumfikisha bosi kwa afisa wa kazi wa wilaya.

Zamu ya 8 Oktoba saa tano usiku hadi 9 Oktoba saa moja asubuhi ina saa moja ya siku ya kawaida na saa saba za Siku ya Uhuru. Zamu inayofuata, 9 Oktoba saa tano usiku hadi 10 Oktoba asubuhi, ina saa moja tu ya sikukuu na saba za kawaida. Programu yako imewekwa kuhesabu zamu yote kwa tarehe ilipoanza. Kwa hiyo aliyekesha kuamkia sikukuu hakupata kitu, na aliyeingia usiku ule sikukuu ikiisha akapata nane zote. Tafuta mpangilio unaogawanya saa usiku wa manane kwa ajili ya viwango vya malipo, lakini uache zamu ibaki moja kwa ajili ya mahudhurio na hesabu ya saa nane. Ukiigawa kote, mtu wa C ataonekana amekuja kazini siku mbili, na ovataimu yake itapungua au isitokee kabisa, kwa sababu kila kipande kinapimwa peke yake dhidi ya saa nane.

Kuhusu sikukuu yenyewe: Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mfanyakazi siku hiyo kwa malipo kamili. Akihitajika kazini, apewe siku nyingine ya mapumziko yenye malipo, au alipwe maradufu, na akilipwa maradufu hadai tena siku ya badala. Unda misimbo miwili tofauti, mmoja wa malipo maradufu na mmoja wa siku badala, na programu ikatae vyote viwili kwenye tarehe moja. Huo wa siku badala uongeze siku kwenye akaunti ya likizo papo hapo, la sivyo itasahaulika ifikapo Disemba. Kwa wa mshahara wa mwezi, sikukuu tayari imo ndani ya mshahara, kwa hiyo mkataba useme wazi msimbo wa maradufu unaongeza kiasi gani juu ya kilichomo. Usiiachie programu ichague.

Kalenda ya sikukuu: zile za tarehe maalumu, kama 26 Januari, 16 Februari, 8 Machi, 3 na 9 Juni, ingiza zote mwanzoni mwa mwaka. Idi zote mbili zinategemea mwezi, hivyo ziingize kama za muda, na mtu mmoja mwenye jina lake awe na jukumu la kusahihisha tarehe ikishatangazwa. Akisahihisha, saa zilizokwisha kuidhinishwa mara nyingi hazijihesabu upya zenyewe. Lazima abonyeze kuhesabu upya kwa wiki hiyo.

Sasa ovataimu. Kinachozidi saa 8 kwa siku au 48 kwa wiki kinalipwa angalau mara moja na nusu siku za kawaida, mara mbili sikukuu iliyotangazwa kwenye gazeti la serikali. Mpaka ni saa 10 kwa siku na 56 kwa wiki, na kwa kazi ya zamu mpaka huo unapimwa kwa wastani wa wiki tatu. Programu nyingi zinakosea neno "au". Chukua mtu aliyefanya saa 9 Jumatatu hadi Ijumaa na saa 6 Jumamosi. Jumla 51. Kwa siku ana ovataimu 5, kwa wiki amezidi 3. Halipwi 8. Zile tatu zimo ndani ya zile tano, analipwa 5. Washa kile kipengele kinachosema saa iliyokwisha kuhesabiwa ovataimu ya siku isiingie kwenye hesabu ya wiki, halafu jaribu na mfano huuhuu kabla ya kuamini.

Kiwango cha saa: 48 × 52 ÷ 12 ni saa 208 kwa mwezi. Mwenye 624,000 analipwa 3,000 kwa saa, ovataimu ya kawaida 4,500. Saa 11 ni 49,500. Akiwa kwenye ngazi ya PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara) ya asilimia 30, na NSSF yake (mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii) asilimia 5, mkononi zinamfikia 32,175. Weka mstari huo kwenye slipu yake ya mshahara ukionyesha saa, kiwango na makato, kwa sababu mtu aliyezoea kuzidisha 4,500 kwa 11 kichwani mwake atakuja ofisini akidai saa zimeibwa.

MamaHesabu_Mbale

Karani mwanangu, haya ya wenzangu ni ya kuingiza saa. Mimi nakujibu la idhini, na naanza na bosi wako.

Kadi isiyoidhinishwa si kosa la aliyeijaza. Mshahara wa mwezi una tarehe yake na mkataba wake, hauwezi kushikwa kwa sababu msimamizi hakubonyeza kitufe. Tenganisha vitu viwili kwenye programu: mshahara wa msingi ulipwe kwa ratiba, na kadi ya saa ilete tofauti tu, yaani ovataimu, posho, kutofika bila ruhusa. Siku ya kufunga ikifika na kadi haina idhini, mtu analipwa msingi wake kama zamu ilivyopangwa, ovataimu inayosubiri inabaki inasubiri na inalipwa ikiidhinishwa. Ukilipanga hivyo hata bosi atatulia, maana wasiwasi wake ni kulipa saa za hewa.

Kuna watakaokushauri uwashe idhini ya moja kwa moja, kwamba kadi ikikaa saa 48 bila kuguswa ijiidhinishe. Usiwashe kwa ovataimu. Msimamizi mvivu atakuwa amepata msaidizi.

Sasa kwa nini wanaidhinisha kwa mpigo? Tazama skrini yao inaonyesha nini. Nina hakika inaonyesha jina, jumla ya saa za wiki, na kitufe. Mtu ana kadi 15 mbele yake, zote zimeandikwa 48. Afanye nini zaidi ya kubonyeza? Badilisha mwonekano huo: kadi zilizolingana na ratiba ziwe kundi moja linaloidhinishwa pamoja, na zenye tofauti zikae peke yake, kila siku mstari wake, zikionyesha ratiba, kilichojazwa, na kilichosomwa getini. Zamu C ya Jumanne: ratiba 23:00–07:00, kadi 23:00–09:00, geti limemwona akitoka 07:12. Hapo msimamizi hahitaji kuhubiriwa. Kitufe cha "idhinisha yote" kifungwe kwa kundi hili la pili.

Idhini iwe ya wiki. Kipindi kikiwa 21 hadi 20 msisubiri kiishe. Kila Jumatatu kabla ya saa sita mchana, wiki iliyopita iwe imeidhinishwa, wakati bado anakumbuka nani alibaki na lori la mchele na nani aliondoka. Programu imkumbushe Jumapili jioni, na Jumatatu saa kumi ikipita bila idhini, kadi zipande kwa mkuu wake.

Mambo yanayokwamisha kadi bila mtu kujua:

Mfanyakazi hana msimamizi kwenye mfumo, au msimamizi aliyeandikwa ameacha kazi. Kadi inawasilishwa, inaonekana "imetumwa", na haiko kwa mtu yeyote. Toa ripoti ya wasio na msimamizi hai kila tarehe 15.

Mtu amehamishwa katikati ya kipindi. Ukibadilisha jina la msimamizi bila tarehe ya kuanza, saa za siku za nyuma zinaenda kwa bosi mpya ambaye hakuziona. Andika: hadi tarehe 12 msimamizi wa A, kuanzia 13 wa C.

Msimamizi yuko likizo. Asimwachie mtu neno lake la siri. Programu ina sehemu ya kukaimisha: unachagua kaimu, tarehe ya kuanza na ya kuisha. Tarehe ya kuisha ijazwe siku ileile, ama sivyo utakuta mwakani kaimu bado anaidhinisha.

Na kadi ya msimamizi mwenyewe iende juu. Kagua hili kwa macho yako, kwa sababu kwenye mifumo mingi mkuu wa idara amewekwa chini ya yeye mwenyewe.

Msimamizi asipokubaliana na saa, airudishe na sababu, mfanyakazi arekebishe na kuwasilisha tena. Asizibadilishe yeye. Ikibidi abadilishe, mfanyakazi apate ujumbe unaoonyesha namba ya zamani na mpya, na mfumo uhifadhi nani, lini, kwa nini. Ovataimu iliyofanyika msimamizi akiiona, hata kama haikuombwa mapema, inalipwa. Kama hakutaka ifanyike, amwonye mtu, asimfutie saa.

KaraniWaMalaba

Asanteni sana, wazee wangu. Nimefungua violezo vya zamu na kweli, watu wote wenye posho ya usiku zamu A wana 01:00 na 09:00.

Nimebakiwa na mawili. Wale vibarua 18, wengi wana kitochi, na wanaoshika simu janja wanaishiwa bando. Nao wajaze wenyewe? La pili, wiki zetu zinakatwa na tarehe 20. Wiki ikianza Jumatatu tarehe 17, saa 48 nazihesabu vipi wakati kipindi kinafungwa Alhamisi?

Mzee_wa_Namanve

Kwa vibarua mimi siko na wenzangu. Usiwape kujaza. Kibarua analipwa kwa siku aliyoonekana, na anayejua ameonekana ni geti. Weka tableti moja getini au mashine ya kidole, aguse akiingia, aguse akitoka, kadi ijijaze. Kazi yake ibaki kukagua: kila Jumamosi mwisho wa zamu anasimama mbele ya tableti, anaweka namba yake ya siri, anaona siku sita, anabonyeza kukubali au kupinga. Hiyo inatosha kuitwa kujihudumia. Skrini ijifunge baada ya sekunde 30, vinginevyo anayefuata anakubali kadi ya aliyetangulia.

Mashine ya kidole ina shida zake kwa watu wa mizigo. Vidole vilivyochubuka kwa magunia ya saruji havisomeki. Sajili vidole viwili, kimoja kila mkono, na uweke namba ya siri kama njia ya pili, ila kila aliyepita kwa namba aonekane kwenye orodha ya kukaguliwa. Alama za vidole ni taarifa binafsi, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inahusika: mweleze mtu mnachukua nini na kwa ajili gani, apate kukubali kwa maandishi, na akiondoka kazini zifutwe.

Umeme ukikatika mashine nzuri huhifadhi ndani na kutuma baadaye. Lakini betri ndogo ya saa yake ikifa, ikiwashwa tena inarudi kwenye tarehe ya kiwandani, na miguso ya siku nzima inaingia na mwaka ambao kampuni haikuwapo. Programu inaitupa kimyakimya kwa sababu haina kipindi cha kuiweka. Kila asubuhi mlinzi alinganishe saa ya mashine na ya simu yake. Na mguso wa kutoka ukikosekana, usiruhusu mfumo ubuni saa ya kutoka. Uache wazi, uende kwa msimamizi kama tofauti.

Jambo jingine watu hawalitazami. Kibarua akifanya kazi mfululizo miezi minne, Kanuni za Ajira za 2011 zinataka apewe mkataba wa maandishi, haendelei kuitwa kibarua. Kadi za saa ndizo zitakazosema. Washa onyo mwezi wa tatu unapotimia.

AfisaAjira_Arua

Mzee kasema vyema, ila asiyejua kusoma anayesimama mbele ya tableti anahitaji mtu wa kumsomea, na huyo asiwe msimamizi wake wa zamu.

La wiki inayokatwa: programu ihesabu wiki nzima Jumatatu hadi Jumapili bila kujali kipindi, na ovataimu ya wiki ilipwe kwenye kipindi ambamo Jumapili yake imeangukia. Saa za 17 hadi 20 zinaingia kipindi kinachofungwa kwa kiwango cha kawaida, pamoja na ovataimu yoyote ya siku iliyozidi nane. Ile ya wiki inapimwa Jumapili tarehe 23 na kuingia kipindi kipya. Ukimwacha mfumo ukate wiki Alhamisi, unapata vipande viwili vya wiki visivyofika 48 hata kimoja, na mtu anakosa haki yake kila mwezi. Angalia pia mapumziko: siku sita mfululizo zikiisha kuna saa 24 za kupumzika, na mpaka wa kipindi usizifiche siku za mfululizo.

MamaHesabu_Mbale

Nimalizie na ratiba ya kufunga, kwa tarehe zako hizohizo.

Tarehe 21 saa sita mchana ni mwisho wa wafanyakazi kuwasilisha. Tarehe 22 saa kumi na moja jioni, mwisho wa wasimamizi. Tarehe 23 ni yako: toa orodha ya wasiowasilisha, wasioidhinishwa, waliozidi saa 10 kwa siku au 56 kwa wiki, wenye likizo na kazi tarehe moja, na wenye sifuri. Hiyo ya likizo na kazi usiipite haraka, kwa kawaida mtu aliitwa kutoka likizoni na likizo haikurudishwa kwenye akaunti yake. Tarehe 24 unafunga kipindi. Tarehe 25 na 26 hesabu, 27 faili la benki. Ikiangukia wikendi au sikukuu, rudisha nyuma, usisogeze mbele.

Kipindi kikishafungwa na kulipwa, usikifungue tena, hata kwa saa mbili za mtu mmoja. Ukikifungua, kila hesabu inaweza kujirudia, na jumla za PAYE na NSSF mlizowasilisha hazitalingana na mfumo. Marekebisho yaingie kipindi kinachofuata kama mstari wake, yakibeba tarehe ya kazi ya asili ili kiwango kiwe cha siku ile, na yakatwe kodi kwenye mwezi yanapolipwa. Kumbuka vyote viwili, PAYE na NSSF, vina mwisho wa tarehe 15 ya mwezi unaofuata, kwa hiyo anayetaka kubishana na slipu yake mpe hadi tarehe 5.

FundiWaMifumo

Nyongeza kwa tarehe 24, kama saa zenu zinahamia kwenye mishahara kwa faili na si moja kwa moja.

Kabla ya kuhamisha, andika jumla ya saa kwa kila msimbo: kawaida, ovataimu 1.5, maradufu, usiku. Baada ya kuhamisha, linganisha upande wa pili. Zikipishana hata kwa robo saa, simama. Sababu ni zilezile tatu. Msimbo mpya ambao haujaunganishwa na kipengele cha malipo, na hapo saa hudondoka bila onyo. Tarehe iliyogeuzwa, 03/10 ikasomwa kuwa tarehe 10 Machi. Au mtu alifungua faili la CSV (maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma) kwenye Excel "kuangalia tu" akalihifadhi, na namba za wafanyakazi kama 00412 zikawa 412, ambazo mfumo wa mishahara hauzijui. Lifungue kwa kihariri maandishi cha kawaida, au weka herufi mbele ya namba za wafanyakazi, M00412, tatizo linakwisha.

Na zile siku za zamu A zilizokwisha kulipwa posho ya usiku kimakosa: toa ripoti ya wenye kuanza 01:00, zipeleke kwa wasimamizi wao wathibitishe moja moja kabla hujamkata mtu senti. Wapo ambao kweli waliitwa saa saba usiku.